Mtani Aliyekalia Jembe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Najiat Mwinyimvua anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika maabara yetu ya Tabora. Alikuja kutoka Kisarawe akiwa binti mwembamba, akasema atakaa mwaka mmoja tu. Wembamba ulishakwisha. Hilo naruhusiwa kulisema, kwa kuwa yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na utani wetu ulianza tangu mababu zetu walipopita kwao na mizigo ya pembe wakielekea pwani.

Wengi tutamkumbuka kwa utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Kazi yake ilikuwa kuomba kinyesi nyumba kwa nyumba, kuanzia Isikizya hadi Ipole, na wapo waliodhani anataka kuwaloga. Aliketi nao akawaeleza kwamba tumboni wamo bakteria, wengi wao wapangaji wema, ila wachache hutoa sumu inayojeruhi vinasaba. Mwili una mafundi wa kuziba majeraha hayo, lakini zipo koo zilizorithi mafundi wavivu, na huko saratani hupata njia upesi.

Watu walimwelewa, wengine kupita kiasi. Mrina asali mmoja alileta sampuli katika kopo la asali lililofungwa vizuri kwa kitenge. Gerson wetu wa mapokezi akashukuru kwa zawadi, akaiweka kwenye kabati la chai. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo Bi. Najiat ndiye aliyewahi kabatini.

Kisha Mzee Masolwa wa Ipole akafariki kwa saratani hiyo, kama baba yake. Ndugu zake wanne walikataa katakata kupimwa, na Minza, mdogo wao, alikuwa mkali kuliko wote. Bi. Najiat akaenda msibani kama mtani. Wachimba kaburi walipotaka kuanza, akakalia jembe, akagoma kuinuka mpaka apewe fidia. Akapewa kuku, akamkataa. Vijana wakajaribu kumnyanyua, wakashindwa. Alichotaka ni kimoja: ndugu wote wanne waje kupimwa. Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka, na kwa kuwa mtani hanyimwi haki yake, wakaahidi mbele ya ukoo mzima.

Walikuja. Minza alikutwa na vivimbe ambavyo bado havijawa saratani, vikatolewa. Ameniruhusu mwenyewe kuandika haya. Siku ya safari, watakaobeba mizigo ya Bi. Najiat hadi stesheni ni ndugu hao, wote wanne, wazima.

Bi. Najiat, asante sana. Tunakupenda, na maabara itapwaya bila kelele zako. Kapumzike Kisarawe, ule, ulale, uwasumbue wajukuu. Sisi watani wako tumeshakubaliana kuja kukuzika, ila tunakuombea tuchelewe mno, tufike tukiwa vikongwe wa kushikwa mkono.