Historia ya Marehemu Orpha Nabintu, Mama Pumzika

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimesimama mimi Cédric, mdogo wake marehemu, niwasomee safari ya Yaya wetu, na yaya kwetu Bukavu ni dada mkubwa, mtu asiyepingwa.

Dakta Orpha Nabintu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa kwanza wa Mzee Bashige na Mama Héritière, akasoma shule ya msingi na sekondari huko huko, hadi vita vilipotutawanya, na mwaka 2003 akafika Johannesburg, akapanga chumba Jeppestown, akawa anasuka nywele za watu mchana kutwa, kisha mwaka 2006 akaingia chuo kikuu pale Braamfontein, na mwaka 2017 akatunukiwa udaktari wa falsafa.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza damu, ya wakimbiaji na ya farasi wa mashindano, naye alitufundisha hata mezani, tutake tusitake, kwamba mazoezi ya kiasi huutuliza mwili na kuipa kinga nguvu, lakini mbio za kujimaliza nguvu, kwa mtu au kwa farasi, huuwasha mwili kwa ndani, askari wake wa kinga wakalegea kwa muda, na maradhi yakaingia bila hodi. Mazizini, joto la farasi likipanda kidogo tu, Yaya alikuwa na neno moja, pumzika, wenye farasi wakafura kwa hasira, naye akawajibu kwamba farasi hana mdomo wa kusema anaumwa, kwa hiyo anamsemea yeye, ndipo Bakiri wa Tanga, mtunza farasi, akambandika jina la Mama Pumzika, nalo likamganda.

Tarehe 19 Disemba 2009 alifunga ndoa na Joël, fundi cherehani, mwanamume mpole aliyekubali kuwashonea hata farasi mablanketi, wakajaliwa binti mmoja, Shekinah, mwaka 2011, mtoto wa hapa hapa Johannesburg, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

Yaya mwenyewe alikuwa mkimbiaji, tena mkaidi, eish, mkaidi kweli kweli. Baada ya wiki nyingi za mazoezi makali alishikwa na mafua na homa, akanyamaza, yeye mwenye mdomo, kwa sababu Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 ilikuwa siku ya mbio ndefu aliyoitamani tangu ujana, na asubuhi hiyo Shekinah alimshika mkono mlangoni akamwambia, kwa Kiswahili, apumzike, mama akacheka, akasema wanaopumzika ni farasi, akafunga kamba za viatu. Alimaliza mbio, akaanguka akiwa na medali shingoni, madaktari wakatuambia kwamba maradhi yameshuka hadi kwenye misuli ya moyo na moyo umevimba, na Jumanne tarehe 27 Mei akatutoka. Mganga hajigangi, walisema wahenga, nasi tumeyaona kwa macho yetu, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Jeppestown waliopika na kukesha nasi, wenzake wa chuo, na Bakiri na wenzake wa mazizini, ambao leo wamewaacha farasi wao wapumzike.

Neno la mwisho si langu. Shekinah ameomba alitamke yeye, kwa Kiswahili, kwa kuwa mara ya kwanza mama hakumsikiliza.

Mama, sasa pumzika kwa amani.