Akina Masika Wawili na Nyumba Moja ya Kasese

Ndugu zangu wa chama, wa msikitini na wa kanisani, mmeniambia nisimame nami nimesimama. Sitataja jina la mtu ila langu, maana bila jina langu mambo haya hayaeleweki. Mimi ni Masika. Ndiyo, cheka, dada yangu wa pale mbele, na wewe ni Masika! Kwetu Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, atake asitake.

Mnajua nilivyofiwa na mume. Shemeji zangu walinivumilia mpaka matanga yakaisha, halafu maneno yakaanza. Wakati huo reli ilikuwa inakuja Kasese, wafanyakazi wamejaa na hakuna wa kuwapikia. Nikasikia kuna mzee ana nyumba karibu na kambi yao, chumba cha mbele cha hoteli, cha nyuma cha kulala. Nikamtumia salamu, akakubali kunipangisha. Shemeji zangu waliposikia nahama, siku hiyo hiyo wakachukua shamba, na nyumba wakampa kijana wao aliyetaka kuoa.

Sasa, mvua ilikuwa imebeba daraja la mto Nyamugasani, kati yetu na Kasese. Mizigo ilivushwa kwa vichwa vya wanaume, na mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Mzee naye miguu ilimsumbua. Akatuma neno kwamba karani ataandika nakala mbili za mapatano zinazofanana. Moja nitie kidole huku Bwera mbele ya mashahidi, nimpelekee. Nyingine atie sahihi yeye huko Kasese, aniletee. "Karatasi mbili, mapatano moja," ndivyo alivyosema.

Yangu ikaja, katekista akanisomea, nikatia kidole, ikavuka mto. Nikaanza kungoja yake. Ndugu zangu, nawaambia, kungoja kule kulinikondesha. Nilikuwa kwa dada yangu, kule Karambi, na wanangu, kila lori likisikika nainuka. Karatasi haikuja. Mume wa dada yangu akaanza kula bila kusema na mtu, na mwanamke mgeni anajua maana yake.

Maji yalipopungua nikavuka bila karatasi, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Nilipofika mlangoni nikakuta mafiga yamekwisha kupangwa na chakula cha mtu mwingine kinachemka. Mwanamke akatoka akijifuta mikono.

"Unatafuta nani, mama?"

"Nyumba yangu. Mimi ni Masika wa Bwera."

"Masika ya Bwera njo mimi," akasema, wala hakuwa anatania.

Mzee akaja na mkongojo wake. Akasema anayo karatasi yenye kidole, na huyu mama anayo yenye sahihi yake yeye mzee, nayo ina kidole. "Kidole haina sura. Nitajuaje ni Masika gani?" Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana. Nyuma sina nyumba, mbele sina nyumba.

Tukaenda barazani kwa chifu wa gombolola, mkubwa wa tarafa ile. Aliwahi kuwa askari, na baraza lake aliliendesha kama kambi. "Simama! Sema kifupi! Wewe, nyamaza!" Karani akaleta wino, tukatia vidole. Changu kikafanana na cha karatasi ya mzee. Chake kikafanana na cha ile aliyoishika.

"Kila mumoja iko na nusu," chifu akasema. "Lakini huyu iko ndani ya nyumba tayari, na sahihi ya mwenye nyumba iko kwake." Akachukua kalamu. Mtoto wangu akaanza kulia, nami sikuwa na nguvu ya kumnyamazisha.

Hapo, kati ya waliokuja kusikiliza, akainuka dereva wa lori aliyeileta karatasi ya mzee upande wetu. Mwislamu mmoja, wengi mnamjua. "Afande, ngoja. Mimi nilifika soko ya Bwera, nikauliza, Masika iko wapi? Huyu mama akajibu. Nikamwambia, nyumba yako Kasese iko tayari, weka kidole. Wallahi, sikuuliza Masika mtoto ya nani. Kosa iko yangu."

"Karatasi ya watu unagawa kama mahindi?" chifu akafoka. "Nitakunyima ruhusa ya kubeba mizigo!" Dereva hakukaa chini.

Chifu akamgeukia yule Masika mwenzangu. "Wewe, nyumba hii uliiomba?"

Angesema ndiyo, ningekuwa wapi leo? Mzee hakuwa amemwona yeyote kati yetu kabla, na hakuna aliyeweza kumpinga. Mama yule akamtazama mtoto wangu, halafu akaiweka karatasi mezani.

"Sikuomba, afande. Bwana yangu alienda kazi ya reli, na hajatuma neno. Karatasi ilitoka Kasese. Sijui kusoma. Nilifikiri njo yeye amenitafutia nyumba." Akalia. "Namungoja pale kila jioni."

Nilikuja na hasira ya kumrarua yule mama, nikajikuta nimemshika mkono. Chifu akasema nyumba ni yangu. Mzee akatia sahihi kwenye karatasi yenye kidole changu, nami nikapewa nyingine mpya, yenye sahihi yake na kidole changu, na karani akaongeza jina la baba yangu, la marehemu mume wangu na la kilima chetu.

Namshukuru katekista. Namshukuru dada yangu, aliyekuwa akinigawia chakula cha sahani yake. Namshukuru dereva, aliyesimama huku riziki yake iko hatarini. Nanyi, mkitia kidole mbali na mwenzenu, msitosheke na jina la kuzaliwa tu, Masika, Baluku au Bwambale. Andikeni baba, andikeni kilima. Na anayepeleka karatasi aulize mpaka watu wamchoke.

Mtauliza mwenzangu alikwenda wapi. Hakwenda popote. Mumewe hajatokea hadi leo, na chumba cha nyuma kinatutosha sote. Leo nimekuja kusimama mbele yenu, na wanangu nimemwachia yeye. Hata wasiwasi sina.