Bapa si Bapa: Kumuaga Bi Verlene Ostby

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi Verlene Ostby anastaafu baada ya miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ya risasi, katika duka na uwanja wetu wa shabaha hapa Harlan Creek, Montana. Anatuachia kiti kilichobonyea na hofu yake yote.

Ndiyo, hofu. Bi Verlene ni mwoga, na hajawahi kuona haya kusema hivyo. Wapiga shabaha walimpenda kwa sababu alijua kuwachagulia risasi za ncha bapa, zile zinazotoboa karatasi tundu safi la duara lisilozua ubishi wa alama siku ya mashindano. Lakini mtu akitaka hizohizo za kujilindia nyumbani, kwamba eti bapa ni bapa, mama wa watu alikuwa anavua miwani. Hapo tulijua maongezi yamebadilika.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja Rhonda Teague, mpishi wa shule. Mume wake wa zamani alikuwa amekatazwa na mahakama kumkaribia, na bado alikuwa akimpigia simu. Bastola Rhonda alikuwa nayo, pamoja na boksi la risasi bapa alilopewa na binamu yake. Kwetu alifuata mkoba wa kuivalia kiunoni tu. Bi Verlene akakataa kumuuzia.

"Kwanza tukazipige hizo, mwanangu."

"Si zinatoboa vizuri tu, mama? Nina haraka mwenzio."

Uwanjani, risasi ya tatu ilikwama. Zilikuwa bapa za shabaha, zenye kingo kali, ambazo bastola ya binamu iliyotengenezwa kwa mashindano huzimeza bila shida. Kwa Rhonda ukingo uling'ang'ania mdomo wa chemba, pale risasi inapoingilia mtutuni, ukagoma kuingia. Akavuta sehemu ya juu ya bastola, akavuta tena, kisha akalia. Nilikuwa pembeni, nikashindwa kumtazama usoni. Sote tulikuwa tunamfikiria yule mume akiingia kwa mlango wake wa jikoni.

Bi Verlene akaleta bapa nyingine, zenye kingo zilizochongwa kwa mteremko ili ziteleze ndani, wakazipiga mpaka jioni bila hata moja kukwama. Mwezi Machi yule bwana akauvunja mlango kweli. Alipoiona bastola akarudi kinyumenyume, akakaa kwenye theluji hadi polisi walipomchukua. Haikupigwa risasi yoyote. Habari zilipotufikia, Bi Verlene alijifungia stoo, akatoka macho mekundu, akauliza ni nani amemaliza kahawa.

Jumatatu kaunta ni yangu. Nimemwambia naogopa, maana nikimjibu mtu vibaya nitakuja kujua kwenye mazishi yake. Akanigusa bega.

"Vizuri. Siku ukiacha kuogopa, njoo ukae kibarazani na mimi, uwaachie wengine."

Asante kwa yote, Bi Verlene. Tunakutakia bustani isiyoliwa na kulungu, na usingizi mzito usiokatika. Lala sasa, mama. Zamu ya kuogopa ni yetu.