Machungwa ya Kaburi la Sara

Funga huo mlango, Stanislausi, kuku wasiingie, halafu ukae chini usikilize, maana ulichokuja kusikia sicho utakachosikia. Na wewe Yunis simama hapo miguuni pangu nikuone, usinisogelee bado. Mimi Gati, mjane wa Keraryo, nimekataa kurudishwa hospitali Musoma, kwa hiyo msinitolee machozi ya kunibembeleza. Pumzi niliyobaki nayo ni ya maneno tu, na mtu asinikatize.

Nyumba hii ya Kiabakari na shamba la Buswahili ni vya Yunis. Umesikia, Stanislausi? Usinikunjie uso. Baba yako, mdogo wake marehemu mume wangu, aliniambia matangani kwamba tumbo langu lilitoa msichana mmoja tu, Sara, naye surua ikamchukua ana miaka tisa, kwa hiyo nifungashe virago. Sikufungasha. Nilitoa ng'ombe wangu mwenyewe nikaoa. Ndiyo, nilioa, kama mwanamke asiye na mtoto wa kiume anavyooaga kwetu: nilimtolea mahari Anastazia, nikamleta hapa awe mke wa nyumba yangu, azae, na atakayezaliwa awe wa jina la Keraryo. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo ni wa ng'ombe waliotolewa. Mwanaume aliyetia mimba haulizwi, hatajwi, hadai.

Mwanaume nilimchagulia mimi, Onesmo, mtu wa ukoo, mrefu, mweusi ti. Anastazia akamkataa. Akaenda kuuza maandazi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, akarudi na mimba ya Mchina. Ulipozaliwa, Yunis, nilikufunua khanga, nikakutazama, nikakufunika tena, nikamwambia mama yako, "Ng'ombe wangu wote wale, ndicho ulichoniletea?" Hivyo ndivyo nilivyokupokea duniani. Kila Jumamosi nilikuwa nakunyoa kwa wembe, hata ulipolia, hata ulipofika kidato cha nne, ili nywele zako za kulala zisionekane kanisani. Mama yako alikuwa anaangalia chini. Angesema nini, na aliyemtolea mahari ni mimi?

Tangu tumzike mama yako mwezi wa pili umeukataa wembe. Umeitoa ile picha aliyoificha ndani ya foronya, yeye na Mchina wake wamesimama mbele ya greda, ukaitundika sebuleni chini ya Bikira Maria. Asubuhi nasikia simu inakufundisha Kichina, na wewe unaijibu. Nikajisemea huo ni uchungu wa msiba, utapita. Halafu siku ya arobaini ukaweka machungwa juu ya kaburi la mama yako, ukapiga magoti, ukainamisha kichwa mara tatu, ukachoma makaratasi, nami nikakuita mchawi mbele ya katekista na kukukamata hizo nywele. Watu walisema Bibi kachukia ugeni. Wapi! Niliogopa, mjukuu wangu. Yale mambo nilishayaona.

Baba yako hakukukimbia.

Nyamaza! Nimesema mtu asinikatize. Alikwenda kwao kumzika mama yake, akakwama huko miaka miwili, akarudi. Wiki hiyo wewe na mama yako nilikuwa nimewatuma Bunda kwa dada yangu kuvuna mtama, niko Buswahili peke yangu na jembe. Akafika kwa pikipiki, ameshika kigauni cha mtoto, amejifunza Kiswahili cha kuombea, anasema atanirudishia ng'ombe mara mbili ili niwaachie ninyi muende naye. Mara mbili! Ng'ombe wangenisaidia nini, nyumba imebaki tupu na baba yake Stanislausi anasubiri mlangoni? Nikamshika mkono. Nikampeleka kwenye ua wa minyaa, kwenye kaburi la Sara, nikamwambia wamelala humu wote wawili, mama na mtoto, kipindupindu kiliwapitia. Kaburi la mwanangu wa kumzaa nililitumia hivyo. Lenyewe ni fupi, la mtoto, lakini alikuwa analia, hakupima.

Alianguka chini kifudifudi. Hakuita Yunis. Aliita Meilin, Meilin, mpaka sauti ikakauka. Ndilo jina alilokupa ulipozaliwa, na mama yako nilimkataza kulitamka humu ndani. Sasa ninakupa, chukua.

Na hakuishia hapo. Kila mwaka, tarehe nne au tano ya mwezi wa nne, siku yao ya kufagia makaburi, anakujaga. Anang'oa majani kaburini, anachoma karatasi zake, anapanga machungwa sita, anainamisha kichwa mara tatu, anaondoka. Gody, mlinzi wa shamba, nilimwambia huyo ni Mchina wa machimbo mwenye wazimu, asiongee naye, aniletee machungwa tu. Machungwa ya Pasaka, mlikuwa mnayaita. Nani alikuwa anayamenya, Yunis? Mama yako. Anakupa wewe kwanza, ananipa mimi, na ananishukuru kwa kuwakumbuka. Miaka kumi na nane amekula machungwa ya kaburi lake mwenyewe, na amekufa akijua alitupwa. Ningeweza kumwambia pale kitandani. Mdomo niliufungua. Nikawaza, huyu akipona ataondoka. Nikaufunga.

Siombi msamaha. Ukinisamehe leo nitajua huna akili, na shamba litakushinda.

Nipeni... niinueni kidogo. Hivyo. Mnizike hapa nyuma ya zizi, si kwa Sara, yeye nimeshamsumbua vya kutosha. Stanislausi, ukigusa mpaka wa lile shamba, katekista ana karatasi yenye dole gumba langu, na Gody ni shahidi. Picha ile ya greda ibaki palepale. Mwenye kuona aibu atazame pengine.

Gody, wewe hapo mlangoni, leo tarehe ngapi? Tatu ya mwezi wa nne. Haya.

Sogea sasa, Yunis, nikutemee mate ya baraka kama wazee walivyonitemea mimi. Inama. Zaidi... Hayatoki. Mdomo umekuwa mkavu kama majivu. Lile chungwa la arobaini, hapo dirishani, nimenyee. Ndiyo, najua ni la mama yako. Nipe kipande.

Haya. Uzae. Uishi uzeeke. Uitwe majina yote mawili, na uitike.

Unayafuta mate yangu? Kwa kiganja kabisa, mbele ya watu? Haya, futa. Futa vizuri. Lakini kesho nenda Buswahili, usijifunge kilemba, nywele zionekane... ukae juu ya kaburi la Sara umsubiri. Nenda mapema, yeye anawahiga.