Miaka Thelathini na Mmoja ya Kushika Kifuniko

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kituo chetu cha kusukuma maji, Fundi Mkuu wa Mitambo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Sisi tuliokaa naye tunamwita Mzee Kifuniko, na kwa kuwa jarida hili husomwa hata na wageni, ni vyema nieleze.

Mzee huandika kwa kalamu ya wino, ile ya kujaza kutoka kwenye kichupa. Wengi hudhani kalamu ya namna hiyo ni ya mawaziri kutilia saini mikataba. Yake aliinunua kwa bei ya jozi mbili za soksi. Haitaki kukandamizwa, nibu huteleza yenyewe, na mkono hauchoki hata ukijaza kurasa sita. Shida ni kwamba kila aliyeijaribu alitamani kuondoka nayo. Kwa hiyo ukimwomba, anakupa kalamu na kubaki na kifuniko, kama mtu aliyeshika rehani. Kalamu iliyo wazi haiwekwi mfukoni, utairudisha tu. Meneja aliwahi kujisahau, akarudi kutoka kwenye gari na shati lenye ziwa la bluu kifuani.

Pesa alizookoa kwenye kalamu alizimalizia kwenye karatasi. Madaftari yake ishirini na mawili yameshonwa kwa uzi, karatasi nzito isiyopitisha wino upande wa pili. Humo aliandika kila siku hali ya pampu zetu tatu, kwa lugha yake mwenyewe. Ya kwanza imeamka vizuri. Ya pili imenuna. Ya tatu, ukurasa mzima.

Kompyuta zilipokuja tuliyacheka madaftari hayo waziwazi. Aliyecheka kuliko wote ni msaidizi wake, dada anayechukua sasa nafasi yake. Alimwuliza wakati wa chai kama pampu nazo humjibu barua. Mzee alicheka pamoja nasi. Ila mwaka huu wote amekuwa akiuliza, kama utani, nani atayaendeleza, nasi tukawa tunatazama vikombe vyetu.

Mwezi uliopita, Mzee akiwa likizo na simu yake imezimwa na mkewe, pampu ya tatu ilianza kulalamika. Skrini ilisema kila kitu kiko sawa. Dada akafungua kabati, akapekua mpaka daftari la tisa, akakuta: “Inaguna kama mtoto anayekataa kuoga. Si mgonjwa. Kaza boliti ya nyuma, kushoto, ile ya chini.” Akaikaza. Ikanyamaza.

Jumatatu hii alimwendea Mzee, akamwomba kalamu. Mzee akaitoa, akavua kifuniko kwa mazoea, akasita. Kisha akakirudisha mahali pake.

“Chukua na kifuniko, mwanangu,” alisema. “Wino uko kwenye droo.”

Nimeandika haya kwa kalamu hiyo hiyo. Nilipoiazima, dada alibaki na kifuniko.

Fundi Mkuu, ahsante kwa maji yaliyofika mabombani kila asubuhi bila watu kujua ni kazi ya nani. Upumzike kwa afya na furaha, na mkeo apumzike kufua wino. Daftari la ishirini na tatu limeanza. Mstari wa leo unasema: “Ya tatu imeamka. Inakuulizia.”