Maliro na jumelles zake kwenye Semuliki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo, maana leo nitazungumza polepole. Tunamkumbuka Maliro, fundi baiskeli wa Beni, mtu aliyependa ndege kupita kiasi. Narudia: fundi baiskeli, si mpelelezi.

Ilikuwa mwaka 2001, vita imepamba moto. Ukikutwa na jumelles, ile miwani ya kuonea mbali, askari walikuhesabu adui. Maliro alilijua hilo. Lakini binti yake Falonne alimsumbua sana ampeleke kuona ndege, naye alikuwa hamwezi huyo mtoto. Jumapili moja akazificha jumelles chini ya sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu, wakapita vizuizi. Rafiki yake Hamisi, mchuuzi wa samaki, akawavusha kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha mto Semuliki, upande wa Kamango. Akaahidi kuwarudia jioni.

Asubuhi ilikuwa tamu. Waliona korongo, nyani wakinywa maji, na ndege mdogo wa buluu akiibuka na samaki. Falonne alikuwa na jumelles shingoni. Jua likapiga kioo, kikametameta hadi ng'ambo ya mto.

"Yaka awa!" Askari wa ng'ambo wanaita, njoo hapa.

Falonne, leo mama wa watoto, anasimulia: "Papa alinitoa jumelles, akavaa yeye. Akasema, 'Lala mu matete. Hapana sogea. Kiboko iko karibu, lakini kiboko haina bunduki.' Niliogopa mpaka nikauma mukono yangu."

Maliro akavuka kwa miguu, maji kifuani, mikono juu. Akasema yuko peke yake. Mkubwa wao akazichukua jumelles, akaanza kukipekua kisiwa nazo. Mchanga. Mti. Matete. Wapendwa, hata mimi hapa studio jasho linanitoka.

"Mto ni mwembamba pale, nikasikia sauti ya Papa," anasema Falonne. "'Juu, chef. Juu ya muti. Kuko tai. Juu zaidi kidogo.' Ule chef, mukubwa wao, akainua jumelles. Akaangalia tai, akacheka."

Kisha wakaondoka naye. Jioni Hamisi alimkuta mtoto bado amelala kwenye matete. Maliro hakurudi. Narudia: Maliro hakurudi, na kaburi lake hatulijui mpaka leo.

Mama Florentine, mjane wake, unayetusikia huko Vuhovi, na wewe Falonne, poleni sana. Kilio chenu ni chetu. Nasi wengine tumfikirie kila aliyesema "niko peke yangu" ili mwingine aishi. Kesho ukisikia ndege juu ya nyumba, inua macho. Juu. Juu zaidi kidogo.