Fundi Aliyeezua Nyumba Yake

Muuguzi alikuwa ametoka zamu, anawaza kitanda tu, hadi alipomsikia mtu kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi: "Leo asubuhi nimeezua nyumba yangu."

Usingizi ukamruka. Msemaji alikuwa fundi mwashi, saruji bado imemganda kwenye kucha. Msusi aliyeketi naye akageuka mzima mzima. "Wewe au upepo?"

"Mimi mwenyewe, dada. Najenga za watu, yangu mpya imekwama kwenye linta, haijafika paa. Kila mwaka naweka lengo, kila mwaka nalilalia. Kumbe kinachonibwetesha ni lile paa la zamani! Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

"Makubwa! Mama watoto kasemaje?"

"Ataona akitoka kazini."

Muuguzi akajikuta ameziba mdomo kwa niaba ya mwanamke asiyemjua.

"Kaka," msusi akasema, "lengo ni lako, lakini nyumba ni yenu! Hata kumuuliza?"

"Ningemuuliza, angekataa."

Tone la mvua likagonga kioo, kisha yakamiminika. Basi likasimama. Fundi akatabasamu. "Unaona? Hata mbingu zinanihimiza."

Akashuka mbio, akajibanza chini ya paa la kituo.